Sekunde Sita kwenye Chaneli ya Saba

Ndege ya shemeji yangu niliiangusha mimi, kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari letu na viatu nimevua. Nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine. Watu wazima na akili zao walimtafuta mwenye kosa, wakampata asiyehusika, wakaridhika naye kwa miaka kumi na moja.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa fundi wa simu za mezani, wale waliokuwa wakipanda nguzo na mkanda kiunoni, na jina la Waya alipewa kazini hata kabla sijamfahamu. Mdogo wake alifundisha hesabu sekondari, kwa hiyo dunia nzima inamwita Mwalimu. Hao ndugu wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, ndege ndogo za kurushwa kwa redio, na ugonjwa wenyewe haukuwa na dawa. Msiseme rimoti mbele yao. Rimoti, alikuwa akisema mume wangu, ni ya mtu aliyelala kwenye kochi. Hii ni redio, na anayeishika amesimama.

Nyumba yetu ilikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye sukari. Mabawa yalilala chini ya kitanda, injini ziliogeshwa kwenye sufuria yangu, na gundi ilikaa mezani kama mgeni asiyeaga. Nililalamika kwa kadiri ya uwezo wangu, na uwezo wangu si mdogo. Halafu siku moja nikawaona wanavyolivisha bawa kitambaa, wanavuta kana kwamba wanakamua nguo, uzalendo ukanishinda. Nikawanyang'anya mkasi. Tangu siku hiyo kila ndege ya hao ndugu ilivaa hariri niliyoikata mimi, kwa mshazari, ili isijikunje kwenye ncha za bawa. Nikajikuta Jumamosi nami niko uwanjani, nimeshika kikapu cha chai, naitwa mwanachama.

Kuhusu redio za wakati ule kuna jambo moja lazima niwaeleze. Kila redio ilikuwa na chaneli yake. Ukiwasha ya kwako wakati mwenzako anarusha kwa chaneli ileile, ndege yake inasikia sauti mbili, haijui imtii nani, inakuja chini. Huhitaji kugusa vijiti vya kuongozea. Kuwasha tu kunatosha. Kwa hiyo pale uwanjani, kwenye nyasi nyuma ya kiwanda cha matofali, klabu ilisimamisha ubao mweupe wenye vibanio vya nguo, kila kimoja na namba. Unachukua kibanio cha chaneli yako, unakibana kwenye kola ya shati, ndipo unawasha. Huna kibanio, huwashi. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na kusema kweli ndiyo pekee iliyoheshimiwa, maana nyingine zote zilivunjwa kila wiki huku mwenyekiti akitazama.

Waya na Mwalimu walikuwa na chaneli moja, ya saba. Redio zao walizichukua pamoja kwa mtu mmoja aliyekuwa anaachana na mchezo, na kila walipoambiwa mmoja abadilishe walikataa. Kibanio kimoja kwa watu wawili maana yake mmoja akirusha, mwingine anasimama nyuma ya bega lake anamwangalizia anga. Kuna mwenzako anakuja kushoto. Upepo umegeuka. Haya, shuka sasa. Nadhani walipenda hayo kuliko hata kurusha kwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya Bibi Harusi. Hilo ndilo jina watu waliloipa ndege kubwa ya Mwalimu, mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha, nyeupe yote, kwa sababu nilikuwa nimeivisha hariri ileile iliyobaki kwenye gauni la arusi la mteja. Alikuwa ameijenga miaka miwili. Kila ubavu wa bawa aliukata kwa wembe, akaupima, akautupa, akakata mwingine. Siku hiyo ilikuwa inapanda kwa mara ya kwanza, na klabu nzima ilikuja ikiwa imevaa vizuri.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Jioni ya siku iliyotangulia mume wangu alikuwa ameniomba niiangalie redio yake, ilikuwa kwenye chaja. Mimi nikaichomoa ili nichomeke pasi, nilikuwa na suti ya mtu ya kunyoosha, na baada ya pasi sikuirudisha. Njiani asubuhi akawa anasema akimaliza Mwalimu na yeye ataomba nafasi. Nikanyamaza. Mume wangu si mtu wa kufoka, ila ana tabia ya kuugua kimya kimya kwa jambo dogo, na mimi sikutaka wiki nzima ya kuulizwa tundu la umeme lina kazi gani. Basi Mwalimu alipopanda hewani na watu wakaanza kupiga makofi, nikasema naenda kupumzisha miguu. Nikaingia kwenye gari. Redio ilikuwa kitini. Nikaiwasha nione mshale wa betri.

Mshale ulipanda ukasimama kwenye kijani. Kumbe chaji ilikuwa ya kutosha. Nilifurahi, na naikumbuka ile furaha kuliko furaha zangu nyingi za maana. Nikasubiri mshale utulie kabisa, na hapo nikasikia injini juu ya paa la gari inalia vibaya, halafu watu, halafu kishindo. Nikazima. Baadaye nilipima mara nyingi kwa saa ya ukutani. Ni sekunde sita.

Msidhani sikuijua sheria. Hata mbwa wa mlinzi aliijua. Lakini antena ilikuwa imekunjwa, na mimi niliamini redio isiyovutwa antena haifiki popote. Kama ndege ingekuwa mbali, ningekuwa sahihi. Mwalimu alikuwa anairudisha kutua, na kwa jinsi upepo ulivyokuwa siku ile, njia ya kutua ilipita juu ya magari.

Nilitoka kwa mlango wa upande wa pili, viatu mkononi. Mwalimu hakwenda kwenye vipande vya ndege yake. Alikuja moja kwa moja kwenye gari letu, akachungulia, akaiona redio kitini, akaikamata na kuitikisa swichi huku na huku kwa hasira, hata haikujulikana tena aliikuta imewaka au imezimwa. Kibanio cha saba kilikuwa kwenye kola yake. Akamwambia mume wangu kwamba ameiacha redio imewaka. Mume wangu akasema aliizima, hajaiwasha tena. Mwalimu akauliza ni nani mwingine hapa duniani mwenye chaneli ya saba. Mume wangu akarudia kwamba aliizima, ana hakika aliizima. Na yule mdogo mtu, mbele ya klabu nzima, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa natia uzi kwenye sindano huwa yananijia.

"Kaka, sema umesahau. Kama ulisahau nitakusamehe hapahapa. Usinifanye mjinga tu."

"Sikusahau," akasema mume wangu.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Mfamasia, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akaniwekea mkononi kipande cha hariri nyeupe kilichochanika, akasema pole, najua na wewe umeumia, kazi yako hii. Nikafunga mdomo. Niliogopa, sina neno lingine zuri zaidi.

Nikasema nitamwambia tukifika nyumbani. Nyumbani alikuwa amejifungia stoo. Nikasema kesho, na kesho nikasema watapatana wenyewe, ni ndugu, watanuniana siku mbili tatu yaishe. Baada ya wiki ningekuwa na kosa moja la kukiri. Baada ya mwaka ningelazimika kueleza pia kwa nini nilinyamaza mwaka mzima, na hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Ndivyo nilivyozeeka nalo.

Hawakuzungumza hata kwa dawa. Mama yao alipofariki walipokea wageni kwenye milango miwili, mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, na waombolezaji wakawa wanatoa pole mara mbili. Mama mkwe mwenyewe, Mungu amrehemu, hakujua kama wanawe wamekosana. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka hata kabla ya siku ya Bibi Harusi. Mimi alikuwa akiniita kwa jina la dada yake, na kila jioni alidai amefunga kuku ambao hatukuwa nao. Mimi nikawa mtu wa katikati. Nilimshonea Mwalimu suruali, nikamshonea binti yake gauni, nikakaa mezani kwao nikinywa chai na mke wake, na kila nilipoondoka nilijiona mwema sana.

Mume wangu aliacha kurusha. Jumamosi alikwenda uwanjani kama kawaida, akakaa kwenye benchi upande wa mbali na Mwalimu, akawatengenezea watu injini zao. Akiombwa arushe, alisema macho. Siku nyingine alisema jua. Mwaka uliofuata akaomba kazini aondolewe kwenye nguzo apelekwe stoo, akahesabu mikebe ya skrubu mpaka akastaafu. Magoti, aliniambia. Nilimchua hayo magoti kwa mafuta ya moto kila Jumapili kwa miaka minane.

Huku nyuma mchezo wenyewe ulibadilika hadi usingeutambua. Injini za mafuta zilizokuwa zikitupaka masizi zikaondoka, zikaja mota za betri zisizo na kelele. Mbao nyepesi na hariri vikaondoka, zikaja ndege za povu zinazotoka kwenye boksi zimeshapakwa rangi, unabandika mkia unarusha, ukiangusha unaunga na gundi jioni hiyohiyo. Kitambaa changu kikakosa wa kukivaa. Na redio nazo. Redio mpya hazina chaneli ya mtu. Zinarukaruka zenyewe kutoka wimbi hadi wimbi, na kila moja inaoanishwa na ndege yake, ikishaoanishwa haimsikilizi mwingine. Mfamasia alikuwa na utani kwamba afadhali ndoa nazo zingefungwa hivyo. Vijana wapya waliniuliza ule ubao wa vibanio ulikuwa wa nini, na nilipowaeleza walicheka kwa adabu, wakatundika kofia zao pale.

Kwa hiyo kosa langu likawa haliwezekani tena. Mtu leo anaweza kukaa kwenye gari akawasha redio kumi kwa pamoja, na juu watu wakaendelea kurusha bila kujua yupo. Mngedhani hilo lilinipa nafuu. Liliniuma tu, kwamba kitu kilichowatenganisha wale wawili hata kuelezeka hakielezeki tena kwa mtu aliyezaliwa karibuni.

Mwaka huu klabu ikapitisha kwamba redio za zamani zisiwashwe kabisa uwanjani. Binti yetu akaona amepata nafasi. Anatengeneza simu za mkononi, ana kibanda chake, na kwa kuwa baba ni Waya, watu wakamwita Bando. Akamletea baba yake redio mpya ya zawadi, akaishusha ndege ya baba yake iliyokuwa imening'inia sebuleni miaka yote hiyo, akaitia kipokezi kipya na mota mpya. Ilikuwa Jumapili mchana. Mimi nilikuwa kwenye cherehani napinda pazia, wao wako mezani.

Mume wangu hakuigusa. Aliizunguka kwa maswali. Akauliza, mtu mwingine akiwasha ya kwake kwa bahati mbaya? Bando akasema hakuna kitu, baba. Akauliza, akisahau, yaani yeye anadhani amezima kumbe imewaka? Bando akaeleza tena habari ya kuoanisha, polepole, kama anavyowaeleza wateja wake wa makamo. Baba mtu akatikisa kichwa, akanywa chai, halafu akauliza lilelile mara ya tatu. Bando akaniangalia. Nami nilidhani ni kisirani tu. Binti akamwachia redio mezani, akaenda kibandani kwake.

Tulipobaki wawili, mume wangu akaanza kusema bila kunitazama.

"Mama Bando, unajua kwa nini niliacha kurusha?"

Nikasema si macho.

"Siku ile nakumbuka niliizima. Swichi naiona kabisa, kidole changu nakiona. Lakini mama naye aliwaona wale kuku."

Mashine ilikuwa inatembea. Nikaisimamisha kwa mkono. Akaendelea, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesimulia habari za mtu wa mtaa wa pili. Alisema Mwalimu si mtu wa kusingizia. Chaneli ya saba ilikuwa ya watu wawili, na mmoja alikuwa anarusha, kwa hiyo hesabu haikuwa na jibu jingine. Mbele za watu alikataa, lakini kabla hatujafika nyumbani siku ileile alikuwa ameshajua kwamba ni yeye, na kwamba ugonjwa wa mama yao umemwingia mapema. Baada ya hapo kila alipopanda nguzo alijiuliza kama kweli amehakikisha ule waya wa jirani umezimwa umeme, au anaona kidole tu. Chini yake alikuwepo mwenzake mwenye mke na watoto. Ndiyo akaomba stoo. Magoti yake hayajawahi kuuma. Kwa daktari hakwenda, alisema, kwa sababu aliogopa kuambiwa, na akaona afadhali akae na vitu visivyoua mtu.

Nimeolewa na huyu mtu miaka thelathini na minne. Mimi nilikuwa nahesabu hasara ya ndege moja na ugomvi wa ndugu wawili. Kumbe kulikuwa na mtu kando yangu anangoja wazimu wake ufike, na mimi namchua magoti.

"Baba Bando," nikasema, "aliyewasha ni mimi."

Nikamweleza yote, pasi, suti, mshale, viatu. Hakufoka. Fundi ni fundi, akaanza kuuliza maswali ya fundi. Antena ilikuwa imevutwa? Nikasema imekunjwa. Gari lilikuwa limeelekea wapi? Nikamwonyesha kwa mkono. Niliacha imewaka kwa muda gani? Nikasema sekunde sita.

"Na mshale ulisimama wapi?"

"Kwenye kijani."

"Kwa hiyo ilikuwa na chaji," akasema.

Akainuka, akasukuma kiti chake vizuri chini ya meza, akaenda stoo, akafunga mlango. Nilibaki nimeshika pazia la watu.

Siku sita hakunisemesha. Alikula nilichopika na kusema asante, lakini aliiambia sahani. Na Bando walizungumza, nikasikia wakizungumza, hadi Bando akaja kuniuliza kulikoni, nikamwambia na yeye. Akasema, "Mama, wewe," basi, akaondoka. Nilistahili. Nisiwafiche, kulikuwa na saa nilizoona wananionea, kwamba mtu akikiri walau apewe maji ya kunywa. Halafu nilikuwa nakumbuka ile stoo ya skrubu, naona aibu, naendelea kukata kitambaa.

Jumamosi asubuhi akasimama mlangoni, ameibeba ndege kwapani na redio mpya kwenye mfuko.

"Utakwenda kumwambia mwenyewe," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

Mwalimu alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi anafunga betri kwenye ndege ya povu. Siku hizi ana mvi kuliko kaka yake. Nilikwenda na kusimama mbele yake, Waya nyuma yangu hatua kumi, mfamasia na wengine pembeni wakijifanya hamnazo. Nikasema shemeji, Bibi Harusi niliiangusha mimi. Niliwasha redio ya kaka yako nikiwa garini. Yeye hakuigusa. Nilinyamaza kwa woga, na sina cha kujitetea.

Alivua miwani. Kwanza hakuelewa, akaniambia nirudie, nikarudia. Alipoelewa akawaka. Akasema nimekaa mezani kwake. Nimemshonea binti yake gauni la arusi, nimelia naye kwenye msiba wa mama, nimemwona akimpita ndugu yake barabarani kama mti, na muda wote huo nilikuwa najua. Aliniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Sauti ilizidi kupanda, vijana wakashusha ndege zao, na mimi nikawa naitika tu, ndiyo shemeji, kweli shemeji.

Hapo mume wangu akasogea akaingia katikati yetu.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Huyu ni mke wangu, na mimi mwenyewe sijamaliza kumkasirikia."

Mwalimu akamwambia ndege ilikuwa yake. Mume wangu akajibu kwamba ndege ni mbao na kitambaa, na kitambaa chenyewe alikitoa huyuhuyu. Mwalimu akasema miaka miwili ya kuijenga je? Mume wangu akasema miwili ni nini mbele ya kumi na moja. Wakaendelea hivyo, wamesimama uso kwa uso, wakigombea nani ana haki ya kuwa wa kwanza kunichukia, na mfamasia akageukia ukuta wa kiwanda, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nami niliyekuwa nagombaniwa nikasimama pale kama mzigo usio na mwenyewe. Ilinichukua muda kutambua kwamba wanaongea.

Nadhani Mwalimu naye alitambua wakati uleule, kwa sababu alikatiza katikati ya sentensi. Akaishika miwani yake, akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta.

"Nilikuita mwongo," akasema. "Mbele za watu."

"Uliniita."

"Mbona hukunipiga, kaka? Mbona hukuja hata nyumbani ukanitukana?"

"Nilikuamini," mume wangu akasema. "Ulivyosema nimesahau, nilikuamini."

Mwalimu alikuwa mtoto wa mama yuleyule. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nilimwona akielewa, akaketi kwenye nyasi palepale, mtu mzima na suruali yake safi niliyoishona mimi. Mume wangu akasimama juu yake, hajui mikono aiweke wapi. Halafu akampa ile redio mpya aishike, akasema amsaidie kuisoma, maandishi ni madogo na Bando ameyaweka mengi kupita kiasi.

Walihangaika na ile redio nusu saa. Waliwasha wakazima, wakawasha, wakabishana habari ya kitufe. Mimi nilirudi kwenye gari nikafungua mlango nikakaa, miguu nje, viatu nimevaa. Sikutaka kuwa karibu, na hakuna aliyeniita.

Ndege ilipanda vibaya. Iliinama kulia, ikanyooka, ikainama tena, maana mikono iliyokaa miaka kumi na moja bila kazi hairudi kwa siku moja. Niliusikia mdomo wa Mwalimu ukifanya kazi, kushoto kaka, kushoto, taratibu. Mzunguko wa tatu ikatulia. Mota ya betri haina kelele, kwa hiyo kilichosikika ni upepo kwenye ile hariri ya zamani, na nilipotazama juu nikaona mshono wangu wa chini ya bawa bado umeshika. Akatua kwa kudunda mara mbili. Watu wakapiga makofi, na mimi sikupiga, niliona siyo haki yangu.

Baadaye alikuja kwenye gari. Nilidhani amefuata maji. Akaketi kando yangu kwenye kile kiti cha nyuma, akaweka mikono yake miwili juu ya mapaja, akaitazama. Ilikuwa mikono ya mtu yeyote aliyetoka kurusha.

"Nilikuwa mzima," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote hiyo. Pale kwenye nguzo, pale stoo. Kila asubuhi nilikuwa naamka nahesabu majina ya watu nione kama bado yapo." Akaigeuza ile mikono. "Na nilikuwa mzima tu."

Alikuwa analia, na hakujificha. Nikauweka mkono wangu juu ya wake. Hakuuondoa, wala hakuushika.